Neti Inakata na Kurudi: Jinsi ya Kuisaka Hitilafu Inayosingiziwa Faiawoli

Intaneti ikifa moja kwa moja, kazi ni nyepesi: kuna kitu kimekufa, unakitafuta. Kasheshe ni ile inayokata dakika mbili, inarudi, inatulia mpaka kesho, halafu inakata tena mhasibu akiwa katikati ya kuwasilisha ritani. Ukifika na begi lako, kila kitu kinafanya kazi na watu wanakutazama. Lawama zimeshapata pa kwenda: "Kaka, ni hicho kiboksi chenu. Toka mkiweke hatujapumzika."

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi faiawoli, kile kifaa kinachokaa kati ya mtandao wa ofisi na intaneti na kuchuja kinachopita, ni shahidi tu: imeona kila kitu, ila hakuna aliyeiuliza. Mwongozo huu ni wa fundi anayehudumia ofisi ndogo na za kati hapa Mwanza, iwe shule ya Nyegezi, zahanati ya Buzuruga, ghala la Igoma au kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Majina ya menyu yatatofautiana kati ya aina moja ya faiawoli na nyingine, lakini mpangilio wa msako haubadiliki.

Hatua ya 1: Usiizime. Andika saa

Mkono wa kwanza wa kila mtu huenda kwenye swichi ya umeme. Uzuie. Faiawoli nyingi ndogo huhifadhi logi (orodha ya matukio na saa zake) kwenye kumbukumbu ya muda, na ukichomoa umeme ushahidi wote umefutika. Ingia kwanza, pakua logi, pakua na nakala ya mipangilio, weka kwenye flashi. Kama ofisini kuna kompyuta isiyozimwa, iagize faiawoli itume logi huko kwa syslog, njia ya kupeleka logi mtandaoni (UDP 514), ili hata ikijizima usiku maneno yake yabaki.

Kisha panga saa. Hakikisha faiawoli inachukua saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) na imewekewa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea njia bila kujua. Sekretari atakuandikia "ilikata saa nne na robo asubuhi". Saa ya kompyuta yake inasema 10:15. Logi ya faiawoli iliyoachwa kwenye UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) inasema 07:15. Ni tukio lilelile, na ukisoma harakaharaka utaapa kwamba logi haikuona kitu.

Acha daftari mapokezi. Kila ikikata waandike siku, saa, nani alikuwa anafanya nini, alikuwa kwenye kebo au Wi-Fi, umeme ulicheza au la, mvua ilikuwepo au la. Baada ya siku chache daftari litaanza kuongea. Ikikata kila baada ya muda uleule, kama saa moja kamili, fikiria anwani ya IP na vipima muda vyake. Ikikata saa za kazi nyingi tu, fikiria njia iliyojaa. Ikikata kwenye mvua au upepo, tazama faiba, redio na umeme. Ikikata kila friji kubwa au pampu inapowaka, usihangaike na mipangilio hata kidogo. Na ikiwa wanaolalamika ni wa Wi-Fi tu huku wa kebo wakiendelea na kazi zao, faiawoli haina kosa. Nenda kwenye vifaa vya Wi-Fi.

Hatua ya 2: Pima sehemu tatu kwa wakati mmoja

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haigharimu hata senti. Chukua kompyuta, ichomeke kwa kebo kwenye swichi ileile inayoingia kwenye faiawoli, izuie isilale, kisha fungua madirisha matatu ya kupima kwa ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu:

- faiawoli yenyewe upande wa ndani, mfano 192.168.1.1
- lango la mtoa huduma, yaani anwani ya kwanza baada ya faiawoli. Utaiona kwenye ukurasa wa hali ya poti ya nje (tundu la faiawoli linaloelekea intaneti)
- sehemu ya mbali, mfano 1.1.1.1

Amri ya ping ya Windows haiandiki saa, na kipimo kisicho na saa hakikusaidii. Tumia PowerShell:

ping -t 192.168.1.1 | ForEach-Object { "$(Get-Date -Format 'dd-MM HH:mm:ss') $_" } | Tee-Object ndani.txt

Rudia kwa lango na kwa mbali, ukibadilisha anwani na jina la faili. Kwenye Linux, ping -D -O inatosha: hubandika muda na kutangaza kila jibu linalokosekana.

Sasa subiri ikate. Kama hata faiawoli ya ndani imeacha kujibu, tatizo liko kati yako na yenyewe, au yenyewe imezidiwa au imejizima. Kama ya ndani inajibu na lango limekufa, tazama poti ya nje, kebo, kiboksi cha faiba na kipande cha njia mpaka kwa mtoa huduma. Kama vyote viwili viko hai na mbali kumekufa, mzigo ni wa mtoa huduma au wa mbele yake. Zote tatu zikiwa hai huku watu wanapiga kelele, ruka mpaka hatua ya 8.

Tahadhari moja: malango mengine yamewekwa yasijibu ping, au yajibu kwa kipimo. Likiwa kimya tangu mwanzo, fanya tracert 1.1.1.1 na uchague kituo cha kwanza kinachojibu baada ya faiawoli. Ukikuta anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127 usishtuke, ni eneo lililotengwa kwa watoa huduma wanaogawana anwani moja ya umma kwa wateja wengi.

Hatua ya 3: Umeme

Fungua ukurasa wa hali ya faiawoli, usome imewaka kwa muda gani. Ikisema saa tatu wakati hakuna aliyeigusa tangu wiki iliyopita, ilijizima na kujiwasha yenyewe. Hapo msako umefupika: ni umeme, adapta, joto au kasoro ya programu yake.

Kosa linalojirudia maofisini ni UPS kuwekwa kwenye faiawoli na swichi, huku kiboksi cha faiba au adapta ya antena kikiwa kwenye soketi ya kawaida ukutani. Umeme unapepesa sekunde moja, taa hata hazijafa vizuri, kiboksi cha faiba kinaanza upya, na dakika mbili au tatu zinapita kabla ya huduma kurudi. Faiawoli iko macho muda wote, kwa hiyo lawama zinaangukia kwake. Weka vyote kwenye UPS moja, na betri ya UPS yenyewe uijaribu kwa kuchomoa plagi mchana kweupe ukiwa umewaarifu watu. Betri iliyochoka huonyesha taa ya kijani mpaka siku ya kuhitajika.

Adapta nazo huchoka. Ya volti 12 inayotoa 11 na kitu ikibebeshwa mzigo huendesha kifaa vizuri asubuhi na kukiangusha mchana kazi zikizidi. Badilisha kwa nyingine ya volti na ampea sahihi kabla hujaanza kusoma vitabu.

Na kwa Mwanza kuna suala la ethi. Radi za ziwani hatuhitaji kusimuliana, na mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Nondo ya ethi iliyogonga mwamba ikaishia futi mbili haina kazi kubwa, kwa sababu mwamba haupitishi umeme kama udongo wenye unyevu. Kama mnara mdogo wa antena uko juu ya jengo la Capri Point au Bugando, mwite fundi umeme apime ukinzani wa ethi kwa kipimo chake. Kutazama waya wa kijani peke yake hakutoshi.

Hatua ya 4: Kebo, faiba, redio

Kwenye logi tafuta maneno ya poti ya nje kushuka na kupanda. Yakiwepo na saa zake zinalingana na daftari, tatizo ni la waya au la kifaa kilichochomekwa upande wa pili. Badilisha kebo ya kuunganishia kwanza, kwa kebo ya shaba halisi. Zile za bei poa mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hukatika ndani ukizikunja, na ukizivuta ndefu husumbua.

Kama poti haishuki, tazama hesabu ya makosa yake. Makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) yakiongezeka kila unaporudia ukurasa, ni kebo, konekta au poti inayokufa. Kagua pia kasi. Upande mmoja ukiwa umefungwa kwa Mbps 100 dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa pamoja) na mwingine umeachwa ujichagulie, huu wa pili utaangukia nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu). Ping ndogondogo zitapita vizuri, lakini mtu akianza kutuma faili kubwa mambo yanagoma. Pande zote zijichagulie, au zote zifungwe sawa.

Kwenye faiba, ingia kwenye kiboksi usome nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa GPON ya kawaida (faiba moja inayogawanywa kwa wateja wengi) mpaka wa chini ni karibu -27 dBm; namba ikizidi kuwa hasi, mwanga ni hafifu zaidi. Ukisoma -20, endelea na mengine. Ukisoma -26 kavu na -28 ikinyesha, kuna kiungo kinachoingiza maji au faiba iliyokunjwa mahali, na hiyo si kazi yako. Piga picha ya skrini kwa ajili ya mtoa huduma.

Wanaopokea kwa redio kuvuka maji, kama kuelekea Ukerewe au ng'ambo ya ghuba, wana ugonjwa wao. Wimbi la redio hufika kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine iliyodunda juu ya ziwa, na mawili hayo yanaweza kufutana. Hali ya hewa juu ya maji ikibadilika kati ya usiku na asubuhi, muungano unaanguka bila kitu chochote kuguswa. Chora grafu ya nguvu ya mawimbi kwa siku kadhaa. Ikipanda na kushuka kwa saa zilezile, ongea na aliyefunga antena kuhusu kubadilisha kimo chake upande mmoja.

Hatua ya 5: Faiawoli inayojikata yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko yanakojificha mengi yasiyopatikana kwingine.

Ofisi nyingi sasa zina njia mbili: faiba, na laini ya simu ya akiba. Faiawoli hupima njia kuu kila mara. Ikiona imekufa, huhamia ya pili. Swali ni moja: inaamuaje kwamba imekufa? pfSense, aina mojawapo ya faiawoli, kwa mipangilio yake ya kiwandani hutuma kipimo kila nusu sekunde, hutazama wastani wa dakika 1, na hulitangaza lango limeanguka upotevu wa paketi (vipande vya data) ukifika asilimia 20 au ucheleweshaji ukifika milisekunde 500. MikroTik, aina nyingine, ikiwekewa check-gateway (agizo la kupima lango) hupima kila sekunde 10, na majibu mawili yakikosekana njia imeondolewa.

Sasa fikiria saa nne asubuhi. Kamera za ulinzi zinapandisha picha kwenye wingu, simu za wafanyakazi zinahifadhi nakala, kompyuta tano zinashusha masasisho. Njia ya kupandisha imejaa pomoni. Vipimo vya faiawoli vinakwama kwenye foleni ileile na wengine, vinachelewa, vingine vinapotea. Faiawoli inasema lango limekufa, inahamisha kila mtu kwenye laini ya simu. Anwani ya umma imebadilika, hivyo benki inamtoa mhasibu nje, VPN inaanguka, simu ya mtandaoni inakatika. Njia kuu sasa haina mzigo, inapona ndani ya dakika moja, watu wote wanarudishwa, na kila kitu kinakatika mara ya pili. Njia haikukatika hata mara moja. Ilijaa tu, na faiawoli ikafanya ilivyoagizwa.

Dalili yake ni wazi ukiijua: kwenye logi kuna tangazo la lango kuanguka, lakini poti ya nje haikushuka, na faili lako la ping ya lango linaonyesha majibu yenye milisekunde 600 au 900 badala ya ukimya. Dawa ni hizi, kwa mpangilio huu:

1. Badilisha anwani inayopimwa. Lango linalojibu ping kwa kusuasua halifai kuwa hakimu. Chagua anwani thabiti ya mbali, na kama faiawoli inaruhusu, chagua mbili ili ianguke zikikosekana zote.
2. Legeza vizingiti. Kwa ofisi yenye njia ya akiba, asilimia 40 na milisekunde 1,500 si dhambi. Nia ni kuhama njia ikiwa imekufa. Ikiwa imechoka tu, ivumilie.
3. Dhibiti mzigo. Pima kasi halisi ya kupandisha na kushusha, kisha weka kikomo kwenye faiawoli kwenye asilimia 90 hivi ya hizo, ili foleni iwe kwako, unakoweza kuipanga, badala ya kwa mtoa huduma. Kamera ziende nyuma ya foleni.
4. Chelewesha kurudi. Faiawoli nyingi zinaweza kuagizwa zisubiri dakika kadhaa za utulivu kabla ya kurudisha watu kwenye njia kuu.

Wako watakaokushauri uzime upimaji kabisa. Mwenye njia moja tu anaweza; hana pa kuhamia. Mwenye mbili akizima, ajue kwamba siku faiba ikikatwa na wachimba mtaro, laini ya akiba italala hapo bila kazi.

Hatua ya 6: Anwani

Poti ya nje inayopata anwani kwa DHCP (mfumo unaogawa anwani kwa muda maalumu) hujaribu kuihuisha nusu ya muda wake ikipita, na tena kwenye asilimia 87.5. Majaribio yote yakigoma, anwani inakwisha na mtandao unakata, halafu inaombwa upya na mambo yanarudi. Ndiyo maana ukataji wa saa kamilikamili unatia shaka hapa. Tazama kama umeweka kanuni inayozuia UDP 67 na 68, zinazotumiwa na DHCP, upande wa nje. Kwa PPPoE (kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila), tafuta kwenye logi ujumbe wa muungano kufungwa, na nani aliufunga: wewe au wao.

Upande wa ndani, mshukiwa mkuu ni rauta ya mtu. Kuna mfanyakazi aliyeona Wi-Fi haifiki mezani kwake, akaleta kirauta cha nyumbani na kukichomeka ukutani. Kirauta kina 192.168.1.1, sawasawa na faiawoli yako, na kinagawa anwani kwa yeyote anayeomba. Leo wanakatika watu wa uhasibu, kesho stoo. Neti ikikata, andika arp -a kwenye kompyuta iliyoathirika, utazame anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya 192.168.1.1. Ikiwa si ile iliyobandikwa chini ya faiawoli, fuata swichi, poti kwa poti, mpaka umfikie mwenye nayo. Mwambie kwa upole. Alikuwa na tatizo la kweli la Wi-Fi. Kisha hamisha mtandao wa ofisi uende kwenye namba zisizozoeleka, mfano 10.47.20.0/24, na uwashe kinga ya DHCP ya kigeni kwenye swichi kama inayo.

Hatua ya 7: Mzigo juu ya faiawoli

Tazama CPU, kumbukumbu na idadi ya miunganisho wakati inapokata, si ikiwa imetulia. Kwenye faiawoli za FortiGate kumbukumbu ikifika asilimia 88 inaingia hali ya kujihami, na ikifika 95 inakataa miunganisho mipya. Waliokuwa ndani wanaendelea, wapya wanaona neti imekufa. Panga orodha ya miunganisho kwa anwani ya ndani. Kompyuta moja ikiwa na maelfu wakati jirani zake wana mia, itenge uichunguze virusi. Kama hakuna mkosaji, basi umewasha ukaguzi mwingi kuliko kifaa kinavyobeba. Zima kimoja, subiri, kisha kingine.

Hatua ya 8: Ping zote zinapita, watu bado wanalia

Jaribu nslookup ukiitaja seva ya DNS (inayobadilisha majina ya tovuti kuwa anwani) ya faiawoli, kisha ukiitaja 1.1.1.1. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikijibu, umekamata.

Kurasa zingine zikifunguka na zingine zikining'inia, pima ukubwa wa paketi: ping -f -l 1472 1.1.1.1. Kwenye njia ya kawaida itapita. Kwenye PPPoE kikomo ni 1464, na hapo MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya poti ya nje iwe 1492 na MSS (data iliyo ndani yake) ibanwe kwenye 1452.

Programu inayokatika ikiachwa bila kuguswa, kama ya mauzo iliyounganishwa na hifadhidata ya Dar es Salaam, inafutwa kwenye jedwali la faiawoli kwa kukaa kimya. Iwekee salamu za mara kwa mara au ongeza muda kwa kanuni hiyo peke yake.

Hatua ya 9: Iruke faiawoli

Ukifika hapa bila jibu, chomeka kompyuta yako, iliyosasishwa na yenye kinga yake imewashwa, moja kwa moja kwenye kiboksi cha mtoa huduma. Fanya hivyo jioni, wafanyakazi wameondoka, na uweke kipimo kilekile. Huenda ukalazimika kuanzisha kiboksi upya ili kiikubali MAC mpya. Ikikata hapo pia, faiawoli imesafishwa jina. Isipokata hata saa zake za kawaida zikipita, irudishe na ubadilishe kitu kimoja kimoja: programu yake, poti, kisha kifaa.

Kumpigia mtoa huduma

Usiseme "neti inasumbua". Sema: poti haikushuka, mwanga ni -21 dBm, lango halikujibu kuanzia 10:15:08 hadi 10:17:40, mafaili haya hapa. Maneno hayo hukuvusha haraka kutoka kwa mhudumu anayekwambia uzime na kuwasha. Omba namba ya tiketi na uiandike. Malalamiko yasipofanyiwa kazi kwa mtoa huduma, ngazi inayofuata ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza.

Uliza pia jirani anayetumia kampuni nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa faiawoli utakaokusaidia, na ni afadhali ujue mapema kabla hujafungua boksi.

Ukisharekebisha, acha vipimo vitatu viendelee na daftari libaki mapokezi. Ukataji wa kila saa unathibitika umepona kwa siku moja. Wa mzigo unahitaji mwisho wa mwezi upite, wahasibu wakiwa wamejaa ofisini. Wa mvua usiufungie tiketi mpaka inyeshe.